Baraji ndogo juu ya mtaa: msaada wake na hatari yake

Leo nataka tuongee juu ya ukuta. Si ukuta wa nyumba wala wa kanisa, bali ule ukuta mfupi ambao watu wanajenga ndani ya mto ili maji yasimame kidogo mbele ya kuendelea na safari yake. Kwetu tunauita baraji. Wengine wanasema bwawa, wengine lambo. Jina si kitu.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2017, mwezi wa Tisa, vijana wa kanisa letu walinijia asubuhi na mapema, chai ikiwa bado ya moto. "Pasta, tuko na kazi moja, tunaomba uje utuombee." Nikavaa viatu, nikawafuata. Tulipanda kwa miguu mpaka kwenye kijito kimoja juu ya mtaa wetu, mahali ambapo mlima unaanza kusimama kama ngazi. Hapo walikuwa wamefunga kijito kwa mifuko ya mchanga, mawe na udongo. Ukuta wenyewe ulifika kifuani kwa mtu mzima. Nyuma yake maji yalikuwa yametulia, mazuri kwa macho. Walitaka kufuga samaki, na mama zao wapate maji ya kunyunyizia lengalenga wakati wa kiangazi. Wazo lilikuwa zuri, na mimi nilifurahi kuona vijana wanashika sururu kuliko kukaa barabarani.

Niliomba. Tukala mahindi ya kuchoma, tukacheka. Sikuuliza swali hata moja. Sikuuliza maji yakizidi yatapita wapi. Sikuuliza nani anakaa chini.

Mwezi wa Kumi na Moja mvua ilinyesha usiku kucha, na ukuta ukaenda. Maji yote yaliyofungwa yakashuka kwa mara moja, yakapita ndani ya shamba la mama mmoja mjane, yakabeba jiko lake na mbuzi watatu. Mtoto wake wa miaka saba alikuwa amelala upande wa jiko. Tulimkuta ameshika mwembe kwa mikono miwili, anatetemeka kwa baridi, lakini mzima. Kesho yake yule mama aliniambia, bila kupaza sauti: "Pasta, si ni weye uliombeaka ile ukuta?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuuliza maswali kwa mafundi, kwa watu wa maji, na kwa wazee wanaojua mito yetu. Haya ninayoandika nimeyapata kwa njia hiyo.

UKUTA UNAOGUSA KILA NYUMBA

Wengi wetu tukisikia neno baraji tunafikiri Inga, ama Ruzizi. Na kweli umeme wa Uvira unatoka Ruzizi. Baraji ya kwanza, kule mto unapotoka ziwa Kivu karibu na Bukavu, ilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Ya pili ilianza mwaka 1989, nayo ni ya shirika la SINELAC, ambalo ni la nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Mto ule unashuka karibu mita 700 kati ya ziwa Kivu na ziwa letu Tanganyika, ndiyo maana una nguvu ya kugeuza mashine.

Lakini wataalamu wa dunia wana hesabu yao. Ukuta unaopita mita 15 kwa urefu wa kwenda juu wanauita mkubwa. Usiofika hapo, kwa kawaida wanauita mdogo. Basi sisi wa milimani tunakaa na midogo. Kuna ya kuchota maji ya kunywa, ya kunywesha mashamba, ya samaki, ya kinu, ya kusafishia mchanga wa dhahabu. Mingi haina karatasi yoyote, na hakuna enjinia aliyewahi kuiona.

Kwa mji wa Uvira, kazi ya namna hii iliyo ya maana kuliko zote iko kwenye mto Mulongwe. Ni kule juu kwenye korongo, mbele mto haujaingia kati ya nyumba, ndiko REGIDESO inakota maji. Kukota maji ya mto wa mlima si kutia bomba ndani na kwenda zako. Lazima maji yakingwe ili yapande kidogo na kuingia upande wa bomba. Lazima yapite kwenye vyuma vinavyozuia matawi na majani. Lazima yatulie ili mchanga ukae chini. Kiisha yanakwenda kwenye kituo, yanachujwa, yanatiwa dawa ya klori, na mashine zinayasukuma mpaka kwenye matangi. Mawe yakijaza mahali pa kukotea, au mto ukigeuka rangi ya chai ya maziwa, au umeme ukikatika, robine zinakauka mji mzima. Hapo mama anabeba bidoni, anakwenda ziwani au mtoni.

Na ziwani kuna nini? Kuna kipindupindu. Hatusemi kwa kukisia. Watafiti wa chuo cha afya cha London pamoja na watu wa afya wa Uvira walichukua miaka ya 2009 mpaka 2014, wakalinganisha siku ambazo kituo kilitoa maji na siku ambazo hakikutoa, pamoja na hesabu ya wagonjwa waliopokelewa kwenye kituo cha kipindupindu. Walitoa matokeo mwaka 2015. Waliona kwamba baada ya siku moja bila maji ya robine, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa wanaongezeka kufika zaidi ya mara mbili na nusu, ukilinganisha na siku ambapo maji yanatoka vizuri. Soma tena hesabu hiyo, ndugu. Siku moja tu. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mawe yaliyoziba mahali pa kukotea maji ni mambo ya REGIDESO peke yake, umuulize watoto wake wanakunywa wapi.

Kuna jambo moja watu wanalikosea sana. Baada ya mafuriko nimesikia hata wazee wa kanisa wakisema: "Wangejenga baraji kubwa kule juu, maji haingetuua." Mafundi wanajibu hivi: ukuta mdogo wa kukotea maji hauweki akiba ya kiangazi, na hauzuii mafuriko. Yale mafuriko yanapita juu yake kama gari linavyopita juu ya kokoto. Hata ukuta mrefu zaidi, katika korongo kama hilo, unaweza kujazwa mawe na mchanga katika masika machache, na kiisha unabaki kama ngazi tu. Dawa ya mafuriko iko mbali zaidi, kule kwenye miteremko inayokatwa miti kwa ajili ya makala na kulimwa mpaka ukingoni mwa maji.

USIKU WA TAREHE 16 MWEZI WA NNE, 2020

Wale wa Uvira hawahitaji niwaeleze. Nawaandikia wa mbali. Milima nyuma ya mji wetu inapita mita 2,500, na ziwa liko karibu mita 775. Kati ya kilele na ziwa ni safari fupi mno, kwa hiyo mvua ikipiga juu, mto haupati nafasi ya kufikiri. Usiku wa kuamkia tarehe 17, Mulongwe ulishuka na mawe makubwa kama meza, na miti mizima. Makumi ya watu walikufa. Maelfu ya nyumba zilivunjika au kujaa matope, makumi ya maelfu ya watu wakabaki bila mahali pa kulala, na madaraja yalikatika. Na kituo cha maji nacho kiliharibiwa, hivi kwamba mji uliojaa maji kila mahali ulikosa maji ya kunywa.

Nilizika watu wiki ile. Sitaongea zaidi juu ya hayo.

Ila jambo moja fundi alinieleza baadaye. Alisema kasi ya mto ikizidi mara mbili, uzito wa jiwe ambalo mto unaweza kusukuma hauongezeki mara mbili, unaongezeka hata mara 64. Ndiyo maana jiwe ambalo vijana kumi hawawezi kulitikisa, wewe unalikuta asubuhi limekaa sebuleni.

MAJI YANASUKUMA NAMNA GANI

Mzee huyo ni mwashi. Alijenga madaraja tangu wakati wa Mobutu, na sasa magoti yake hayapandi tena mlima bila fimbo. Nilimpeleka kwenye mabaki ya ule ukuta wa vijana wetu. Akatazama muda mrefu, akachora kwenye mchanga kwa fimbo.

Meta moja ya kila upande ya maji, alisema, ina uzito wa tani moja. Ukisimamisha ukuta wa meta moja, kila kipande chake cha upana wa meta moja kinasukumwa na nusu ya tani. Ukiupandisha ufike meta mbili, si tani moja, ni tani mbili. Ukifika meta tatu, ni tani nne na nusu. Meta sita, tani 18. "Vijana wanafikiri wakiongeza mifuko miwili juu wameongeza kidogo. Hapana. Wameongeza sana." Na tena haijalishi bwawa ni refu kwenda nyuma kiasi gani. Kinachosukuma ukuta ni kina cha maji yanayougusa. Urefu wa bwawa unajulikana siku ukuta unapovunjika, maana ndipo watu wa chini wanapokea yote.

Kiisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Kuta nyingi za udongo hazifi kwa kusukumwa. Zinakufa kwa kupitwa juu, au kwa kutobolewa chini. Maji yakipita juu ya ukuta wa udongo, hata kwa unene wa kidole, yanaanza kula ule upande wa nyuma kama kisu kwenye mkate, na katika saa moja au mbili hakuna ukuta. Kwa hiyo kila baraji ya udongo lazima iwe na njia ya maji yanayozidi, pembeni, kwenye udongo mgumu wa asili au mawe yaliyoshikwa na simenti, chini kuliko kichwa cha ukuta, na pana kuliko unavyofikiri. Ukuta wa vijana wetu haukuwa na njia hiyo. Mvua ilipokuja, maji yalipita mahali pamoja tu palipobaki, yaani juu.

Na kutobolewa? Maji yanatafuta tundu. Panya, mchwa, mzizi wa mti uliooza ndani ya ukuta, bomba lililopitishwa bila kushindiliwa vizuri, yote ni tundu. Mzee alisema hivi: ukiona maji yanatoka chini ya ukuta na ni safi kama ya kunywa, kaa macho, rudi kila siku utazame kama yanaongezeka. Ukiona yanatoka na matope, ukuta unaliwa ndani. Hapo usiende kutafuta jembe. Nenda kupiga ngoma na kuondoa watu wa chini. Hata ufa unaokwenda pamoja na urefu wa ukuta, na mahali ambapo kichwa kimezama, ni habari ya kupeleka mbele kwa shefu. Tena sisi tunakaa kwenye bonde linalotikisika. Tarehe 5 mwezi wa 12, 2005, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga upande wa ziwa hili, na Kalemie nyumba zilianguka. Baada ya kila tetemeko ukuta unatazamwa upya.

Nikamuuliza: "Mzee, mbona hukutuambia mbele?" Akajibu: "Pasta, mliniita kwa maombi? Mliniitia mahindi tu, na nilikuwa nimechelewa."

SOLAI

Ilikuwa miezi michache baada ya kuanguka kwa ukuta wetu. Tarehe 9 mwezi wa Tano, 2018, usiku, kule Solai, kaunti ya Nakuru, nchi ya Kenya, baraji ya udongo ya shamba moja kubwa ilivunjika. Iliitwa bwawa la Patel. Ilikuwa kwenye kilima, na chini yake walikaa watu wa vijiji. Mvua ya wiki nyingi ilikuwa imelijaza. Watu 48 walikufa, wengi wao wanawake na watoto, na wengi walikuwa nyumbani wakati wa chakula cha jioni. Mamlaka ya maji ya Kenya ilisema kiisha kwamba mabwawa ya shamba lile hayakuwa na kibali. Mashitaka yalifunguliwa, na kesi ikavuta miaka.

Niliposikia habari hiyo kwenye redio nilikaa chini. Tofauti kati ya Solai na mtaa wetu ilikuwa wingi wa maji tu. Kila kitu kingine kilikuwa sawasawa: udongo, mvua, mteremko, watu waliolala, na hakuna aliyeuliza.

UKUTA AMBAO HAKUNA ALIYEUJENGA

Kuna baraji nyingine tunajenga kila siku bila kujua. Mwezi wa Nne 2024, usiku wa kuamkia tarehe 29, watu wa Mai Mahiu, Kenya, walibebwa na maji. Mwanzoni ilisemekana kwamba baraji imevunjika. Baadaye wizara ya maji ilieleza kwamba haikuwa baraji: ni mfereji unaopita chini ya reli ya zamani ulioziba kwa miti, mawe na udongo. Tuta la reli likageuka ukuta, maji yakajaa nyuma yake, kiisha yakapasua. Zaidi ya watu 50 walikufa.

Basi tazameni madaraja yetu madogo na mifereji ya mitaa ya Mulongwe, Kakombe na Kasenga. Chupa za plastiki, vigogo vya migomba, magodoro yaliyooza, nguo, mapipa. Tunatupa kwa mfereji sababu mvua itabeba. Inabeba kweli, mpaka kwenye daraja la kwanza. Hata kule Ruzizi ya kwanza wafanyakazi wanapambana na plastiki ambazo mito ya Bukavu inaingiza ziwa Kivu. Zinakusanyika mbele ya mashine, na umeme unapungua. Mtoto akitupa chupa Bukavu, taa inazimika Uvira. Nimewaambia watoto wa shule ya Jumapili hivyo, wakacheka, lakini ni kweli.

KWA NINYI WA MACHIMBO

Ninajua namna kazi yenu ilivyo. Mnageuza kijito, mnakifunga, mnapata maji ya kusafishia mchanga, na uchafu unabaki nyuma ya tuta. Tuta linapandishwa kila mwezi kwa kile kile kilichotoka shimoni, na chini yake kuna kambi, mahema, mama wanaouza fufu. Ninaomba mlipe tuta hilo jina lake la kweli: ni baraji, tena mbaya kuliko ya maji matupu, sababu matope ni mazito kuliko maji, na ndani yake kuna zebaki na dawa nyingine.

Hata makampuni yenye maenjinia yanashindwa. Tarehe 18 mwezi wa Pili, 2025, karibu na Chambishi, Zambia, ukuta wa bwawa la uchafu wa mgodi wa shaba ulivunjika. Karibu lita milioni 50 za maji yenye asidi ziliingia kwenye kijito cha Mwambashi na kufika mto Kafue. Samaki walielea wamekufa, mashamba ya ukingoni yakaungua, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba. Ninyi hamna lita milioni 50. Lakini anayekaa mita mia moja chini ya tuta lenu hahitaji nyingi hivyo.

Na neno kwa vijana wanaopenda kuogelea. Ule mporomoko mzuri unaopiga povu chini ya ukuta mfupi wa mto, si mahali pa kuchezea. Maji yakianguka pale yanajikunja na kurudi nyuma chini kwa chini, yanamzungusha mtu kama nguo kwenye beseni. Mwogeleaji hodari anazama mahali ambapo maji hayapiti kiuno. Mwenzako akishikwa, usimfuate ndani. Mtupie kamba, tawi refu, bidoni tupu iliyofungwa.

KILICHOFUATA KWETU

Mtauliza kama vijana wetu waliacha samaki. Hawakuacha. Yule mama mjane alikuwa wa kwanza kusema wasiache, mradi wasijenge tena juu ya paa lake. Tulimlipa mbuzi kwa sadaka ya Jumapili mbili, na mimi nilitoa wa tatu.

Mzee mwashi aliwaonyesha namna nyingine. Hawakufunga tena kijito. Walichimba bwawa pembeni, ndani ya ardhi, kwenye sehemu tambarare, wakaleta maji kwa mfereji mwembamba wenye ubao wa kufungua na kufunga. Mvua kubwa ikija, wanateremsha ubao na kijito kinaendelea na njia yake ya siku zote. Mahali pa kuingilia waliweka vizimba vya waya vilivyojaa mawe. Bwawa halipiti kimo cha kiuno. Samaki ni wachache kuliko walivyoota mwaka ule wa 2017, na kuna mwaka kingfisha na mwizi wa usiku walikula zaidi yetu. Mwezi wa Nne 2020 ule mfereji ulifunikwa na mawe wote. Bwawa lilijaa matope, likabaki mahali pake. Walilichimba upya kwa wiki tatu.

Sasa kila mwaka, mwishoni mwa mwezi wa Nane, mbele ya mvua, tunafanya salongo mara mbili. Siku ya kwanza ni kusafisha mfereji na kutazama ukingo wa bwawa, kung'oa miti midogo inayoota juu yake, kuziba matundu ya panya. Siku ya pili ni madaraja mawili ya mtaa, kutoa kila kitu kilichoziba chini yake mpaka tuone mwanga upande wa pili. Kijana mmoja anaandika kwenye daftari: tarehe, maji yalikuwa wapi, ufa uko wapi, nani alikuja. Usiku wa mvua kubwa, wawili wanalala kwa zamu kwenye nyumba ya juu wakiwa na filimbi na tochi, na nyumba za chini zinajua filimbi tatu maana yake ni kupanda upande wa kanisa bila kutafuta masufuria.

Mama mjane ndiye anayeshika filimbi ya akiba.